Mizani ya Ulingoni: Kuchagua Mapambano Bora ya Ngumi ya Miaka ya 1970 hadi 1979

Mwezi wa Julai 2022, mjini Songea, Shabani Kaoneka alimwangusha Karim Mandonga katika pambano la ngumi ambalo habari zake zilienea nchi nzima kwa muda mfupi sana. Mshindi alikuwa Kaoneka. Lakini ukikaa leo katika baraza lolote la kahawa mjini hapa, ukataja pambano lile, jina litakalotangulia kutajwa ni la Mandonga, na maneno yatakayokumbukwa ni ya Mandonga. Bondia yule alikuwa na desturi ya kuyapa makonde yake majina kabla ya kuyarusha, kama mzazi anayempa mtoto jina kabla hajazaliwa. Akaahidi, akatisha, akajisifu, kisha akalala chini mbele ya watu waliokuwa wamelipa viingilio kuja kumwona akitimiza ahadi. Jambo la ajabu ni kwamba sifa yake haikupungua. Ilizidi.

Nchi ya Wangoni si ngeni kwa majigambo. Ngoma ya ligihu inachezwa hapa hata leo, na yeyote aliyepata kuitazama anajua kwamba mwanamume kujitangaza mbele ya hadhara ni sanaa yenye heshima yake na kanuni zake. Kwa hiyo simlaumu Mandonga, wala siwacheki waliomshangilia. Nasema tu kwamba pambano la Songea linatuwekea mezani swali ambalo mhakiki hana budi kulijibu kabla hajathubutu kuchagua lililo bora: je, tunapima pambano lenyewe, au tunapima kelele iliyolizunguka?

Nimekusudia kuchagua mapambano bora ya mabondia wa Afrika Mashariki kwa miaka 10, tangu 1970 hadi 1979, na kuyachagua kwa uzito. Miaka hiyo sikuiteua kwa kubahatisha. Ndiyo miaka ambayo Uganda na Kenya zilitoa mabondia walioheshimiwa katika kila ulingo wa dunia, na Tanzania nayo ikawa na neno la kusema. Isitoshe, ni miaka ambayo sisi wa Songea tuliisikia bila kuiona. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Bondia alipoanguka katika nchi ya mbali, aliyekuwa Songea alipata habari kwa redio au kwa gazeti lililochelewa, na aghalabu alichopata ni matokeo: fulani kamshinda fulani, kwa pointi, basi. Tumerithi majina na medali. Mapambano yenyewe hatukurithi, na anayeyahakiki leo anaokoteza vipande vya picha na hesabu za majaji, kama mtu anayesoma utenzi ulioliwa na mchwa.

Wako watakaouliza kwa nini nichague kwa uzito, nisitaje tu pambano moja lililoyapita yote. Jibu limo katika lugha yetu wenyewe. Neno mizani tunalitumia kwa chombo anachopandishwa bondia kabla ya pambano, na tunalitumia pia kwa hesabu ya silabi katika mshororo wa shairi. Hakuna msomi wa ushairi anayemlaumu mtunzi wa utenzi kwa kuwa mishororo yake ina mizani 8 tu, na ya mwenzake wa shairi ina 16. Kila bahari ina wasaa wake na dhiki yake, na uzuri wa mtunzi huonekana katika yale anayoyafanya ndani ya dhiki ile. Bondia wa kilo 48 hana konde la kumlaza mtu kwa pigo moja. Itambidi aseme yake kwa wepesi wa miguu, kwa wingi wa mapigo, kwa akili ya kujua lini aingie na lini atoke. Ukimweka katika orodha moja na mtu wa kilo 100 utakuwa umemdhulumu kabla hajavaa glavu.

Nianze na uzito wa unyoya, yaani kilo 57, kwa sababu hapo ndipo mwenye nafsi ya mhakiki anapotiwa majaribuni. Philip Waruinge wa Kenya alikwisha kuwa mtu mashuhuri kabla ya miaka yetu kuanza. Alitwaa dhahabu ya michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka 1966, akairudia mjini Edinburgh mwaka 1970. Katikati ya ushindi huo miwili ilikuja michezo ya Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968. Huko alishindwa na Antonio Roldán, mwenyeji, katika nusu fainali, akapata shaba. Kisha waliokabidhiwa kazi ya kuchagua bondia mwenye ufundi bora kuliko wote wa michezo ile wakampa yeye kombe la Val Barker. Msomaji na atue hapa kidogo. Watu wa mahali pamoja, kwa siku zilezile, walitoa hukumu mbili juu ya bondia mmoja: ya kwanza ikisema kwamba yeye si mshindi wa uzito wake, na ya pili ikisema kwamba katika mizani zote hakuna aliyecheza ngumi vizuri kama yeye. Sijui mfano mwingine katika mchezo wowote unaoonyesha waziwazi namna hii kwamba kushinda ni jambo moja na ubora ni jambo jingine, na kwamba wenye mchezo wao wenyewe wanalijua hilo.

Pambano ninalolichagua, hata hivyo, ni la Munich, mwaka 1972, fainali ya Waruinge na Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovyeti. Majaji walikuwa 5. Watatu walimpa Kuznetsov na wawili walimpa Waruinge. Wakenya wengi wa rika lile waliondoka na uchungu ambao haukuisha, na nimesikia mtu mzima akisema kwamba mwenzao aliporwa. Mimi siafiki neno hilo. Hesabu ya watatu kwa wawili haithibitishi wizi. Inathibitisha kwamba mabwana wawili walikaribiana kiasi ambacho macho 10 yaliyofundishwa kazi hiyo hayakuweza kukubaliana. Ni hicho hasa kinacholifanya pambano lile kuwa bora. Pambano ambalo mshindi wake anajulikana tangu raundi ya kwanza ni kama fumbo lililofumbuliwa na mfumbaji mwenyewe. Waruinge alikwenda baadaye Japani, akapigana ngumi za kulipwa kwa jina la Waruinge Nakayama, lakini fainali ya Munich ndiyo ninayoiweka mahali pa kwanza katika uzito wake, na nikibanwa sana nitasema ndiyo ya kwanza katika orodha yangu nzima.

Katika kilo 51 sina maneno mengi. Leo Rwabwogo wa Uganda, aliyekuwa na shaba ya Mexico, alifika fainali ya Munich na kushindwa na Georgi Kostadinov wa Bulgaria bila ya ubishi. Ni pambano la mtu mzuri aliyekutana na aliye mzuri zaidi yake siku ile. Naliandika kwa sababu sina linalolizidi. Kilo 54 naiacha wazi. Eridadi Mukwanga wa Uganda alifika fainali ya uzito huo mjini Mexico, lakini ilikuwa mwaka 1968, nje ya mpaka niliojiwekea. Najua kwamba wapangaji wa orodha huona haya kuacha nafasi tupu, wakaijaza kwa jina lolote lililo karibu. Matokeo yake ni kwamba msomaji hawezi kujua lipi limeandikwa kwa imani na lipi limeandikwa kwa kuziba pengo.

Sasa nafika kwenye kilo 48, na hapa nitakawia.

Mwezi wa Agosti 1974 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa yalifanyika mjini Havana. Stephen Muchoki wa Kenya, kijana asiyetimiza miaka 20, alikuwa amekwisha kutwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch mwanzoni mwa mwaka uleule. Akafika fainali ya Havana. Aliyemngoja alikuwa Jorge Hernández, Mkuba, mbele ya Wakuba wenzake, katika nchi ambayo ngumi zilikuwa fahari ya taifa. Hernández akashinda. Muchoki akarudi na fedha, na kila aliyefuata mambo haya alijua kwamba mahali pa kulipia deni pangekuwa Montreal, katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976.

Montreal haikufika. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini mwaka uleule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe katika michezo. Ilipokataliwa, zaidi ya nchi 20 zilisusia, na Tanzania ilikuwa katika mstari wa mbele. Kenya na Uganda zilikuwamo. Jorge Hernández alishinda dhahabu ya kilo 48 mjini Montreal, na Muchoki hakuwako. Watu wengi wanapoukumbuka mwaka ule humtaja Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, na mbio zake na John Walker ambazo hazikukimbiwa. Ni haki yao. Ila mkimbiaji aliyekosa mbio moja bado ana saa, na saa haina upendeleo. Dunia ilikwisha kujua kwamba Bayi alikimbia kwa dakika 3 na sekunde 32.2 mjini Christchurch. Bondia hana saa. Thamani yake yote hupatikana kwa mtu mwingine aliyesimama mbele yake. Ukimwondoa yule wa pili, humpunguzii tu nafasi ya kushinda, unamnyima kipimo.

Je, nichague pambano lisilopiganwa? Rafiki yangu mmoja, mwalimu hapa Songea, alishika kwamba ndivyo ipasavyo: kwamba pambano kubwa kuliko yote ya miaka ile ni la Muchoki na Hernández mjini Montreal, na kwamba uwezo wa kuliona ambalo halikutokea ni sehemu ya kazi ya mhakiki. Maneno yake yalinivuta kwa siku nyingi. Mwisho nimeyakataa. Nikikubali la Montreal, kesho mtu ataniletea mashairi ambayo Muyaka angeyatunga lau angeishi miaka 20 zaidi, nami nitakosa la kumjibu. Naliweka pambano la Havana, la 1974, lililopiganwa na kushindwa.

Lakini sitaki nikimbilie kulifunga jambo hili. Kususia kulikuwa kwa haki. Naamini hivyo, na sijasikia hoja ya kunibadilisha. Utawala wa Afrika Kusini ulilishwa na urafiki wa watu wa aina ile waliosema kwamba michezo ni michezo tu. Gharama ya haki ile, hata hivyo, haikugawanywa sawasawa. Waziri aliyetia sahihi alibaki waziri. Kijana wa kilo 48, ambaye mwili wake ungekuwa katika ukamilifu wake kwa miaka michache tu, ndiye aliyelipa. Muchoki alijitahidi: mwaka 1978 alitwaa tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia mjini Belgrade. Medali ya Olimpiki hakuipata.

Ayub Kalule wa Uganda anachukua nafasi mbili, na yeyote anayeona ni upendeleo na apekue kumbukumbu. Mwaka 1974 peke yake alishinda dhahabu mjini Christchurch katika kilo 60, kisha akapanda mizani akawa bingwa wa dunia mjini Havana katika kilo 63.5, akimshinda Vladimir Kolev wa Bulgaria katika fainali. Nalichagua pambano la Kolev kwa uzito huo. La pili ni la ngumi za kulipwa: tarehe 24 Oktoba 1979, mjini Akita, Japani, Kalule alipigana raundi 15 na Masashi Kudo, bingwa ambaye hakuwa amepoteza pambano hata moja, akamvua taji kwa pointi katika mizani ya kilo 69.85. Uganda haikupata kuwa na bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa kabla yake. Wapenda vishindo husema pambano lile lilikosa utamu kwa kuwa mtu hakulala chini. Kalule alikuwa bondia wa mashoto, mwenye subira, asiyependa kupoteza konde. Raundi 15 dhidi ya bingwa, ugenini, mbele ya watu wa bingwa, na majaji wote wakakiri: mimi naiona kazi ile kuwa sawa na utenzi mrefu ambao vina vyake havikuyumba tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Anayetaka vishindo na atafute kwingine.

Kilo 60 zenyewe nazipitia haraka. Samuel Mbugua wa Kenya alipata shaba Munich, naye anastahili heshima, lakini naliacha pengo la pili badala ya kuandika nisichokiamini. Katika kilo 67 nachukua nusu fainali ya Munich baina ya Dick Murunga wa Kenya na János Kajdi wa Hungaria, aliyeshinda kwa uzoefu wake.

Uzito wa kati, kilo 75, ndio unaotuhusu Watanzania zaidi. Mwaka 1970 mjini Edinburgh, Titus Simba wa Tanzania alifika fainali ya Jumuiya ya Madola akakutana na kijana wa Kiingereza, John Conteh. Conteh alishinda, Simba akapata fedha. Miaka minne baadaye Conteh alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa katika uzito wa juu ya ule. Hapo ndipo wenzangu wengi huteleza. Wanasema: tazama ukubwa wa pambano la Simba, maana aliyemshinda alikuja kuwa bingwa wa dunia. Ni hoja ya kurudi nyuma. Siku ile Edinburgh hapakuwa na bingwa wa dunia ulingoni. Palikuwa na vijana wawili, kila mmoja akiwa na wasiwasi wake. Tukimpima Simba kwa sifa ya Conteh ya mwaka 1974, tumemfanya kuwa kivuli cha mtu mwingine, naye alikwenda pale kwa miguu yake. Nalichagua pambano lile kwa sababu nyingine. Simba alitoka katika nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka 9 tu na vifaa haba vya mchezo, akawapita wote wa upande wake mpaka akabaki mmoja. Kwa hayo peke yake uzito wa kati hauna mpinzani katika hesabu yangu, hata kama Conteh angestaafu kesho yake akawa mwuza samaki.

Uzito wa juu umenitaabisha kwa namna tofauti. Afrika Mashariki haikutoa katika miaka ile bondia wa uzito huo wa kulinganishwa na hawa niliowataja. Lakini tarehe 30 Oktoba 1974, alfajiri, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alipigana na George Foreman, katika nchi ambayo mamilioni ya watu wake wa mashariki husema Kiswahili. Je, ni letu? Walipigana Wamarekani wawili kwa fedha zilizotolewa na serikali ya Mobutu kwa ajili ya kujitangaza. Nimeona orodha za wenzetu zikilikumbatia kana kwamba lilipiganwa Kariakoo. Naliingiza, lakini kama mgeni, na kiti chake kiwe kando. Ubora wake hauna shaka. Foreman, mwenye miaka 25, alikuwa amewavunja Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi 2. Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akaziba uso, akaacha makonde yamwangukie mikononi na mbavuni, akaongea na mpinzani wake muda wote, mpaka katika raundi ya 8 Foreman akawa mzito kama gunia lililonyeshewa, akaangushwa.

Hapa ndipo tunaporudi Songea. Ali naye alijigamba; pengine hakuna aliyejigamba kumzidi tangu ngumi zianze kuvaliwa glavu. Wengi walioandika juu yake huona majigambo yale kama pambo la nje. Mimi naona yalikuwa sehemu ya mapigano yenyewe: maneno aliyomwambia Foreman kwenye kamba yalimfanya Foreman arushe makonde ambayo hakupaswa kuyarusha. Neno lilifanya kazi ya mkono. Pambano la Songea lilikuwa na maneno mengi vilevile, ila maneno yake yaliishia langoni. Yaliwaingiza watu ndani, na walipokwisha kuingia, Kaoneka hakuyasikiliza. Kwa haki ya Mandonga niseme pia kwamba Januari 2023 alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, ijapokuwa Wanyonyi alilipiza Julai ya mwaka huohuo. Mtu huyu alijua kupigana kwa kiasi chake. Tatizo ni letu sisi wasikilizaji, ambao tumemwacha Kaoneka bila hata sentensi moja ya kueleza alivyoshinda.

Kuhusu Ali kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ngumi hulipitia mbio. Mwanzoni mwa mwaka 1980, Rais Carter wa Marekani alimtuma Afrika kuziomba nchi zetu zisusie michezo ya Moscow, kwa ajili ya Warusi kuingia Afghanistan. Alifika kwanza Dar es Salaam. Watu walimpokea kwa shangwe, lakini Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na waandishi wa habari wakamwuliza ni kwa nini Marekani haikusimama na Afrika mwaka 1976. Ikaonekana kwamba bingwa hakuwa ameelezwa habari hiyo kabla ya kupanda ndege. Hakuna Mtanzania aliyemgusa kwa glavu, lakini katika raundi ile moja alikosa pa kuegemea.

Tanzania ilikwenda Moscow, na Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha. Kenya ilisusia, na hivyo mabondia wake wakakosa michezo miwili mfululizo. Uganda ilikwenda, na kijana wake John Mugabi alifika fainali ya kilo 67 akashindwa na Andrés Aldama wa Kuba. Pambano hilo ningeliandika kwa furaha mahali pa lile la Murunga, ila ni la mwaka 1980, nami nilikwisha kusema naishia 1979.